Gurudumu la Akiba

Ubishi haukuwa wa nani atashinda, maana Tadej Pogačar alikuwa ameshaondoka zake. Ilikuwa Jumapili, tarehe 28 Septemba 2025, na pale Busisi karibu na stendi tulikuwa tumebanana kwenye simu mbili tukitazama siku ya mwisho ya mashindano ya dunia ya baiskeli, ya kwanza kufanyika Afrika, mbio zikizunguka vilima vya Kigali. Aliyetugombanisha ni Mbelgiji Remco Evenepoel. Wiki moja nyuma alikuwa amechukua dhahabu ya mbio za kushindana na saa, akampita hata Pogačar njiani. Siku hii alikuwa amesimama kando ya barabara, amefura kwa hasira, akisubiri gari la timu yake. Alikuwa ameingia kwenye shimo kabla ya kupanda Mlima Kigali, kiti kikashuka, misuli ya mapaja ikaanza kukaza. Akapewa baiskeli ya pili, nayo haikumkaa. Sasa alikuwa anangoja ya tatu.

"Yaani kiti tu?" kijana mmoja akasema. "Mimi yangu haina kiti, ina kipande cha gunia."

Watu wakacheka, lakini moto ulikuwa umeshawaka. Nusu wakasema jamaa angeendelea tu, dunia nzima inamtazama. Nusu wakasema maumivu anayajua mwenye nayo. Evenepoel akapanda ile ya tatu, akafukuza, akamaliza wa pili, kama dakika moja na nusu nyuma ya Pogačar. Katika kilomita 267.5 za siku ile waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Matokeo yalipotoka, kila upande ukadai umeshinda ubishi.

Mimi sikusema mengi. Nimeshindana na baiskeli ujana wangu wote huku Kanda ya Ziwa, sijawahi kuwa bingwa wa chochote, na kilichonishangaza ni kwamba katika kelele zote zile hakuna aliyeuliza swali ambalo zamani zetu lilikuwa la kwanza: baiskeli ni ya nani, na Jumatatu inatakiwa wapi?

Busisi niliyokulia ilikuwa mji wa kusubiri. Barabara ya kutoka Mwanza ilipofika Kigongo iliishia majini, na huku ng'ambo ya ghuba ilianza tena, kuelekea Sengerema na Geita. Katikati kulikuwa na kivuko. Malori, mabasi, wagonjwa, maharusi, maiti, wote walipanga foleni, na foleni ilipokuwa ndefu mji ulistawi. Mama lishe waliuza wali na sato, watoto tuliuza karanga na maji. Wapanda baiskeli walikuwa na desturi yao ya kupenya pembeni mwa malori na kusukuma hadi mbele, wakaingia kivukoni miongoni mwa wa kwanza, tenga la samaki nyuma likidondosha maji kwenye miguu ya abiria.

Baiskeli ya baba yangu mdogo ilikuwa Phoenix nyeusi, ile ya breki za vyuma, yenye fremu ndefu mpaka mtoto akitaka kuipanda lazima apitishe mguu katikati ya fremu, chini ya bomba la juu, aendeshe amejikunja ubavuni. Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Kwa siku sita za wiki baiskeli ile ilibeba sato na sangara kutoka mwaloni. Ilisomesha watoto, ililipa matibabu ya bibi, na msimu wa kilimo ilibeba mbegu. Jumapili, ikiwa hakuna msiba, ilikuwa huru.

Mashindano yetu yalikuja na sikukuu. Saba Saba, Nane Nane, mara nyingine mfanyabiashara wa pamba au kampuni ya simu imetoa fulana na pesa. Usukumani baiskeli ni mchezo wa watu kama mpira ulivyo kwingine. Barabara inajaa tangu asubuhi na akina mama wanapiga vigelegele kwa mtu wasiyemjua. Unachofanya usiku wa kuamkia mbio ni kuivua baiskeli. Unatoa keria, unatoa madigadi, unatoa kava la mnyororo, kengele, taa, stendi. Ikibaki mifupa unaipaka mafuta. Na baada ya mbio, usiku uleule, unairudishia yote, kwa sababu saa kumi alfajiri inatakiwa mwaloni.

Aliyetufundisha kusikiliza alikuwa fundi mmoja mzee aliyekaa chini ya mwembe karibu na kivuko. Alikuwa na spana mbili, nyundo, kopo la solusheni na ndala kuukuu alizokuwa akizikata vipande vya kufanyia mpira wa breki. Alipenda kukaa ameipa barabara mgongo. Baiskeli ikipita nyuma yake, anasema bila kugeuka: "Huyo gololi zimeisha habu ya nyuma." Au: "Huyo mnyororo umelegea, utamruka mlimani." Tulidhani ni mganga. Baadaye alituelekeza. Gololi iliyovunjika inasaga muda wote, hata usipokanyaga. Friwili yenye uchafu inalia pale tu unapoacha kukanyaga. Kotapini iliyolegea inagonga mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, tak, kimya, tak.

Ilikuwa kotapini iliyonisimamisha katika mbio zangu za kwanza za maana, kutoka Sengerema kushuka Busisi, barabara ikiwa bado ya vumbi tupu. Kwa wasiowahi kukaa na baiskeli hizi: mkono wa pedali umeshikizwa kwenye ekseli kwa kipini kidogo cha chuma kilichochongwa upande mmoja, urefu wake haufiki hata kidole gumba, kinapigwa nyundo kikazama na kufungwa kwa nati. Uzito wote wa mtu, na wa tenga la samaki, unapita kwenye kipini hicho. Kikilegea unakanyaga na mguu unazama kidogo hewani kabla ya kushika. Kilomita chache za kwanza husikii uchungu wowote. Baiskeli inakwenda, na wewe uko kundi la mbele.

Niliusikia ule mlio kabla sijauhisi mguuni. Nikashuka, nikaokota jiwe, nikagonga kipini, nikakaza nati kwa vidole. Kundi likapita. Nikapanda, nikawafikia wa nyuma, tak ikarudi. Nikashuka tena, nikagonga tena. Mara hii niliweka kidole kwenye tundu la mkono wa pedali na kulipapasa. Bado lilikuwa duara. Fundi alikuwa ametuambia kwamba kipini si kitu, unanunua kingine sokoni kwa bei ya soda. Lakini ukiendelea kukanyaga kimelegea, kipini kinakula tundu, tundu linakuwa yai, na tundu likishakuwa yai hakuna kipini duniani kitakachokaa. Hapo unanunua mkono mzima, ukiupata.

Nikaisukuma hadi Busisi kwa miguu. Njiani watu walinizomea, maana baiskeli ilionekana nzima: tairi zina upepo, mnyororo upo, mpandaji hana damu. Mzee mmoja alitoka kabisa kwenye kivuli chake kuniuliza kama naogopa kushindwa.

Baba mdogo hakuniuliza nimekuwa wa ngapi. Alipiga magoti, akashika pedali zote mbili akazitikisa, akatoa kipini, akaingiza kidole kwenye tundu kama nilivyofanya mimi. Kisha akasema, "Haya, mwanangu, nenda kwa fundi kabla hajafunga. Kesho kuna sato wa Sengerema."

Nimesikia hotuba nyingi tangu siku ile kuhusu kutokukata tamaa. Shuleni, kanisani, kwenye semina za ujasiriamali ambako mwalimu huwa amekuja na gari. Sizidharau. Lakini naona zimekaa vibaya kwa mtu ambaye chombo anachoshindania ndicho chombo anachokulia. Mwenye gari la timu nyuma yake akiamua kuendelea na kitu kibovu, anaweka rehani nafasi yake. Mimi siku ile ningeweka rehani ada ya binamu zangu. Hatukuwa tunafanya uamuzi mmoja, ingawa kwa mtazamaji wa kando ya barabara wote tulikuwa watu wawili waliosimama na baiskeli zao.

Miaka ikaenda, nikapata baiskeli yangu mwenyewe, na hesabu ikabadilika.

Tulikuwa tunashindana kutoka Usagara kuingia Mwanza mjini. Lami, jua, na malori ya Shinyanga yakitupigia honi. Tulipokuwa tunakaribia Buhongwa nikasikia kitu kama kamba ya gitaa imekatika. Spoku, gurudumu la nyuma, upande wa friwili, ambako ndiko hukatika mara nyingi kwa sababu upande ule ndio unaovutwa na mnyororo. Gurudumu likaanza kucheza, rimu ikawa inagusa fremu kila mzunguko: shwaa, shwaa.

Baiskeli za aina yetu zina spoku 40 nyuma na 32 mbele. Ikikatika moja kati ya 40, zile 39 zinagawana kazi yake. Zitachoka mapema, lakini si leo. Nilisimama, nikaipinda spoku iliyokatika na kuizungushia jirani yake isije ikaingia kwenye mnyororo, nikalegeza kidogo zile mbili za upande wa pili zilizokuwa zinavuta rimu, nikaifungua breki ya nyuma kabisa ili ising'ang'anie. Nikabaki na breki ya mbele. Hayo yote yalichukua muda wa mtu kunywa chai, nikawaona wenzangu wakipotea kwenye kona.

Nikaendelea. Sikuwa jasiri zaidi ya siku ya kotapini. Nilikuwa najua kilichokatika kinafanya kazi gani na gharama yake ni kiasi gani, na mwenye kuilipa ni mimi. Kwenye mteremko wa kabla ya kuingia mjini niliwaacha wanipite, nikashuka taratibu. Kwenye tambarare nikawarudia wawili watatu. Nilifika wa saba, na kwa bahati siku ile walilipa mpaka wa kumi. Nikatoa pesa ya spoku mbili, ya nauli, nikabakiwa na ya kumnunulia mama kitenge. Gurudumu lile nilikuja kulisuka upya baada ya mavuno.

Wakati nasimulia hayo kwa fundi chini ya mwembe, alinipa kanuni ambayo sijaona mwanya wake mpaka leo. "La nyuma linakuchelewesha," alisema, "la mbele linakuzika." Spoku za nyuma, mnyororo, friwili, kiti, hata breki ya nyuma, vikiharibika vinakuomba subira. Foki, stelingi, ekseli ya mbele na breki ya mbele havibishani nawe. Unakuwa juu, halafu unakuwa chini.

Nililiona hilo kwa macho katika mbio nyingine, upande wa Magu. Mbele yangu alikuwa kijana wa kutoka Shinyanga ambaye sikumfahamu, mpandaji mzuri kupita sisi wote. Tulikuwa tumepita sehemu mbovu ya barabara na foki yake ikawa inatoa mlio mwembamba kila anapokamata breki. Aliusikia. Sisi tuliokuwa nyuma yake tuliusikia pia. Mmoja wetu akamwambia kwa Kisukuma ashuke aangalie. Akaangalia kwa kuinama tu, bila kushuka, akaona hakuna kitu. Ufa wa foki mara nyingi huanzia shingoni, pale juu inapoingia kwenye fremu, ambapo hauonekani mpaka uifungue. Alikuwa wa pili, na zawadi ya kwanza ilikuwa pikipiki.

Mteremko ulikuwa mdogo, wala si wa kutisha. Foki ikaachana na shingo, gurudumu la mbele likaenda peke yake kichakani, na yeye akatua kwa uso. Tulisimama wanne. Tulipomgeuza, alikuwa anapapasa lami kwa mkono akitafuta meno. Aliishi, nilikuja kumwona tena mjini Shinyanga akiwa na duka la vipuri. Hatukuzungumza habari za siku ile. Nilinunua mnyororo, akanipunguzia bei.

Kuna Mfaransa ambaye wapenzi wa mbio za baiskeli wanamtaja kila foki inapovunjika, Eugène Christophe. Mwaka 1913, katika Tour de France, alikuwa anashuka mlima Tourmalet akiwa na matumaini ya kushinda mashindano yote, foki ikavunjika. Kanuni za wakati ule zilimkataza mpandaji kupokea msaada au kubadilisha baiskeli. Akaibeba begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akakuta karakana ya mhunzi, akaiunga foki kwa mikono yake huku waamuzi wakimtazama. Mvulana mmoja alimsaidia kuvukuta moto, na kwa kosa hilo Christophe akaongezewa dakika 10, ambazo baadaye zilipunguzwa zikabaki 3. Alimaliza mashindano akiwa wa 7. Mwaka 1919, akiwa ndiye mpandaji wa kwanza katika historia kuvaa jezi ya njano ya anayeongoza mashindano, foki ikamvunjikia tena alipokuwa anaongoza zikiwa zimebaki hatua chache kumalizika.

Wenzetu wanaisimulia hadithi hiyo kama hadithi ya moyo mgumu. Sikatai, kutembea na baiskeli begani kilomita kumi kunataka moyo. Ila mimi nikiisoma naona vitu vingine. Naona kwamba Christophe kabla ya kuwa mpandaji alikuwa fundi vitasa, mtu anayejua chuma kinaiva rangi gani. Naona kwamba chini ya mlima kulikuwa na karakana yenye moto. Na naona yule mvulana. Ukitoa kimoja kati ya hivyo vitatu, moyo mgumu wa Christophe ungeishia kukaa juu ya jiwe ukisubiri gari la kumbeba. Na jambo jingine: hakuendelea na foki iliyovunjika. Alisimama, akaipoteza siku, akaitengeneza, ndipo akapanda. Watu wanaomtaja ili kumsukuma kijana aendelee na kitu kibovu huwa wameruka sehemu hiyo.

Yule mvulana wa kuvukuta moto hunirudisha kwenye mbio nilizozitazama Mwanza mjini, nikiwa nimeshastaafu kushindana. Mashindano mengi ya huku huwa na mbio za watu wenye ulemavu wa miguu, wanaoendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa mikono. Pedali ziko kifuani, mnyororo unashuka kwenda gurudumu la mbele. Nguvu inayotoka kwenye mabega ya watu wale sijawahi kuwa nayo miguuni.

Karibu na Kirumba mmoja wao mnyororo ulichomoka. Kwa mimi na wewe, mnyororo ukichomoka ni kushuka, kuurudisha kwa vidole viwili, kuzungusha pedali, umekaa. Yeye hakuweza kushuka. Aliinama mbele mpaka nikadhani atapinduka, vidole vikapungua kama shubiri moja kufika kwenye meno ya mnyororo. Wenzake wakampita, mmoja akipunguza mwendo na kumtazama kisha akaendelea, na simlaumu. Watoto wawili wa shule wakachomoka kwenye umati, mmoja akashika gurudumu, mwingine akarudisha mnyororo, mikono ikajaa mafuta mpaka kwenye sare. Yule bwana akaondoka kwa kasi iliyoufanya umati upige kelele.

Pale mwisho mwamuzi akamkatalia nafasi yake, kwa sababu amepokea msaada kutoka nje ya mashindano.

Mwamuzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na karatasi, na karatasi ilisema hivyo. Lakini kanuni ile iliandikwa na mtu aliyekuwa anamfikiria mpandaji mwenye uwezo wa kusimama kwa miguu yake kando ya barabara na kuamua. Kwa bwana huyu swali la kuendelea au kutokuendelea halikuwa mikononi mwake hata sekunde moja. Lilikuwa kwa wale watoto. Umati ulilalamika mpaka waandaaji wakampa kitu kidogo cha kifuta jasho, na cheti. Cheti alikiacha kwenye meza.

Hata kwenye mbio kubwa kabisa mambo haya hayajanyooka. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza kazi kwa mpandaji David Kinjah kule Kenya, katika Tour de France ya mwaka 2016 alivunjikiwa baiskeli kwenye mlima Ventoux baada ya kugongana na pikipiki iliyozuiwa na umati. Dunia ikamwona akikimbia kwa miguu mlimani, amevaa jezi ya njano na viatu vya baiskeli. Alipewa baiskeli ya msaada wa wote, ndogo, pedali zake hazikupatana na viatu vyake. Akahangaika nayo mpaka gari la timu likafika. Waamuzi baadaye wakakaa, wakatazama, wakamrekebishia muda. Kanuni ya leo ya chama cha baiskeli cha dunia inaruhusu mtu kuvuka mstari kwa miguu, ilimradi baiskeli yake anayo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimkumbuka mzee aliyetoka kivulini kunizomea kwenye barabara ya Sengerema.

Sasa Busisi si mji wa kusubiri tena. Daraja la John Magufuli, kilomita 3 juu ya ghuba, lilianza kujengwa mwaka 2020 na Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua tarehe 19 Juni 2025. Safari iliyokuwa inakula saa mbili ukihesabu foleni, leo ni dakika chache. Vivuko vimeondoka, foleni imeondoka, na waliokuwa wanaishi kwa foleni wamelazimika kutafuta pengine. Fundi wa chini ya mwembe alikuwa ameshafariki kabla ya hapo, lakini hata wale waliorithi kivuli chake wamehamia kwenye vituo vya bodaboda, ambako pikipiki zinalipa zaidi. Hiyo ina maana kwa mpandaji. Zamani ukiharibikiwa upande huu wa maji ulijua kuna watu watano wenye nyundo kabla ya kivuko. Leo una barabara nzuri sana na huna mtu.

Vijana wanaofanya mazoezi hapa wameliona hilo kabla yangu. Siku chache baada ya ubishi wa Kigali waliniita kwenye kikao chao, kwa heshima ya mvi. Wana mpango: kila mmoja anachanga kidogo kila wiki, mwenzao mwenye bodaboda anawafuata nyuma siku ya mbio, na kwenye bodaboda kunafungwa gurudumu la akiba la wote. Pesa iliyopo inatosha gurudumu moja.

La mbele au la nyuma? Hapo tukakaa mpaka giza. Wenye akili za hesabu walisema la nyuma, maana ndilo linalopasuka na kukatika spoku kila mara, na bei yake ni kubwa kwa sababu ya friwili, mtu hawezi kulinunua peke yake. Nikawatolea kanuni ya fundi. Mmoja akanijibu vizuri kuliko nilivyotegemea: "Mzee, la mbele likivunjika huhitaji gurudumu, unahitaji hospitali. Foki tuzikague usiku wa kuamkia mbio, pesa tununulie la nyuma." Sikuwa na la kuongeza. Wakakubaliana la nyuma, na kila foki ifunguliwe na kukaguliwa shingoni na mtu asiye mwenye baiskeli.

Lililobaki ni nani apewe ikiwa wawili wataharibikiwa pamoja. Aliye mbele zaidi, kwa sababu ndiye atakayeleta zawadi? Aliyetangulia kuharibikiwa? Kijana yule wa kipande cha gunia, ambaye baiskeli yake ni ya shemeji yake na inabeba mkaa kwenda Sengerema, akasema apewe kwanza mwenye baiskeli ya kuazima, ili airudishe inatembea.

Mweka hazina akafunga daftari. "Hapo," akasema, "wote mtakuja kuniambia zenu ni za kuazima."